Kovu Dogo Kichwani mwa Keomany

Kila asubuhi, jua likishapanda juu ya mashamba ya mpunga, Bi Onsy alipakua wali wa kunata uliopikwa kwa mvuke. Alitia wali mwingi katika kikapu kikubwa cha familia. Kisha alitia kidogo katika kijikapu cha pili, chenye ukanda mwekundu. Kikapu kikubwa kilibaki juu, kando ya sinia. Kijikapu kilishushwa kwa kamba hadi chini, uvunguni mwa nyumba yao iliyojengwa juu ya nguzo.

Kijikapu hicho kilikuwa cha binti yake, Keomany.

Keomany alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Hapo chini, katikati ya nguzo za nyumba, palikuwa na mtambo wake wa kufumia na mkeka wake. Hakuna mwanamke kijijini aliyefuma hariri vizuri kumzidi. Watu walikuja kutoka mbali kutaka vitambaa vyake. Walivisifu, wakavikunja, wakaondoka. Hakuna aliyekaa kunywa maji.

Miaka kumi na minne alikula peke yake. Juu ya kichwa chake aliwasikia wenzake wakila. Mdogo wake wa kiume, Khamsing, alipenda mzaha. Mke wa Khamsing, Latsamy, alicheka upesi. Mara nyingine punje ya wali ilipita kwenye upenyo wa sakafu ya mianzi, ikadondoka karibu na mguu wa Keomany. Kuku waliiwahi.

"Mama, sogea huku," Khamsing alisema asubuhi moja. "Hapo sakafu imeachana. Upepo unakupiga."

"Niache. Hapa ndipo pangu."

"Siku moja utatumbukia. Tutakuokota kwa kuku."

"Nikitumbukia nitakula na kuku. Wao hawana maneno mengi."

Latsamy akacheka. Kule chini Keomany naye akatabasamu. Lakini kutabasamu ukiwa peke yako hakudumu. Akarudi kwenye mtambo wake.

Keomany alikuwa na kifafa. Pale kijijini watu waliuita ugonjwa huo wazimu wa nguruwe. Waliamini kuwa povu la mgonjwa likigusa chakula, anayekula naye anaambukizwa. Alipoanguka mara ya kwanza mbele ya watu, akiwa na miaka kumi na saba, walikuwa wamelizunguka sinia la chakula. Hakuna aliyemtukana. Kesho yake tu akakuta chakula chake kimewekwa pembeni. Keshokutwa kikawa chini.

Mwaka ule Latsamy alipata mimba. Mvua zilipoanza kupungua, Khamsing akaja na nguzo sita za mbao, akazilaza karibu na mtambo.

"Hizi za nini?" Keomany akauliza.

Khamsing alishughulika na kuzipanga. "Za kibanda, dada. Kule mwisho wa shamba. Pana hewa nzuri."

"Kibanda cha nani?"

"Chako. Tutakuletea chakula kila siku."

"Na nikianguka huko, nani ataniona?"

Khamsing akakaa juu ya nguzo. Hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa mdogo, Keomany ndiye aliyembeba mgongoni.

"Mtoto anakuja, dada. Latsamy halali kwa hofu. Unataka nifanye nini?"

"Lini?"

"Tukishavuna. Tukila wali mpya."

Keomany akashika uzi wake, lakini hakujua alikuwa amefika wapi. Kule mwisho wa shamba kulikuwa na mfereji wenye kina. Mwanamke mmoja wa kijiji cha pili aliangukia mfereji kama ule, peke yake. Waliomkuta walimkuta jioni.

Siku chache baadaye akaja Bi Vilay, mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuja kumpima Latsamy. Aliposhuka ngazi hakuenda zake. Aliinama, akaingia uvunguni, akaketi kwenye mkeka wa Keomany kama ameketi kwake. Keomany alishtuka. Mkeka ule haukuwa umekaliwa na mtu mwingine kwa muda mrefu.

Bi Vilay aliona pakiti ya vidonge juu ya mtambo. Ilikuwa na vumbi.

"Hizi unameza lini, mwanangu?"

"Siku nikianguka."

"Na siku usipoanguka?"

"Siumwi siku hiyo, shangazi. Nimeze za nini?"

"Ehe. Wewe unajenga tuta baada ya maji kuubeba mpunga. Dawa ya kifafa humezwa kila siku, saa ile ile, ukiwa mzima. Ndiyo tuta lenyewe." Akapangusa vumbi kwa kidole. "Halafu tujue kifafa chako kinaanzia wapi. Kipo kipimo katika hospitali kuu ya mji mkuu, Vientiane. Wanaandika umeme wa ubongo wako. Kisha wanaupiga ubongo picha."

"Mimi nina umeme kichwani?"

"Kila mtu anao. Ndio unaopeleka habari mkononi ukafuma. Mimi ninao. Hata Khamsing anao, ingawa wake hafifu."

"Nakusikia, shangazi," Khamsing akajibu kutoka juu.

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Safari ilihitaji mtu wa kumsindikiza. Bi Onsy akasema, "Nitakwenda mimi."

"Mama, mkae ndani ya basi moja kutwa nzima?" Latsamy aliuliza.

"Basi lina madirisha."

Kabla ya kuondoka, wazee walikuja kuwaombea safari njema, kwa kufunga nyuzi nyeupe za pamba mikononi mwa wasafiri. Bi Onsy alifungwa na kila mzee. Za Keomany ziliwekwa kwenye sahani, sahani ikasukumwa kwake. Akajifunga mwenyewe, akikaza fundo kwa meno. Kisha akachana nywele zake na kuzipaka mafuta ya nazi, mara tatu, ziwe laini na za heshima. Alikuwa anakwenda hospitali kuu.

Hospitali ilimtaka Keomany alale kidogo sana usiku wa kuamkia kipimo, kwa sababu ubongo uliochoka huonyesha siri zake upesi. Mama na binti wakakesha kwenye ukumbi wa wageni, kila mmoja na mkeka wake. Keomany aliposinzia, Bi Onsy alimwita akiwa kule kule mbali, amtajie majina ya nakshi za vitambaa. Keomany alitaja nakshi arobaini na mbili. Hakuwa amezungumza na mama yake maneno mengi kiasi hicho kwa miaka.

Asubuhi wakapokewa na fundi wa kipimo, mama wa makamo aitwaye Souban. Alikuwa na kikombe cha ute mzito mweupe na nyaya nyembamba za rangi nyingi. Alijaribu kubandika waya wa kwanza kwenye ngozi ya kichwa. Ukateleza. Wa pili nao ukateleza.

"Dada, umepaka nini?"

"Mafuta ya nazi." Keomany aliona aibu. "Nilitaka nije nadhifu."

"Na umekuja nadhifu. Tatizo nyaya hazijui heshima." Souban akacheka kidogo. "Kwa kipimo hiki nywele zioshwe kwa sabuni, zikaushwe, zisipakwe chochote. Ilikuwa juu yetu kuwaambia. Njoo."

Akampeleka kwenye karo. Pale akasimama mbele yake, akaunganisha viganja na kuinamisha uso, maana kwao kichwa cha mtu mzima hakiguswi ovyo.

"Naomba radhi kwa kichwa chako, dada."

Kisha akamwosha nywele. Alimwosha polepole, mara mbili, na vidole vyake vilikuwa na joto. Keomany alifumba macho. Mara ya mwisho kuguswa kichwa alikuwa na miaka kumi na sita. Machozi yalimtoka, yakaenda na maji. Souban aliyaona. Akaongeza maji ya uvuguvugu, akajifanya anatafuta sabuni.

Nyaya ishirini na moja zilibandikwa. Keomany alijiona kama mtambo wake, nyuzi kila upande.

"Itauma?" akauliza.

"Haiumi. Mashine haiingizi umeme kichwani. Haisomi mawazo yako pia, kwa hiyo unaruhusiwa kunisengenya. Inasikiliza tu."

Aliambiwa avute pumzi kwa nguvu kwa dakika tatu. Aliwashiwa taa ya kumetameta. Mwishowe aliambiwa alale. Alilala, na kwenye kioo cha mashine mistari ikatembea taratibu kama maji ya mto. Halafu mistari minne, ya nyaya zilizo juu ya sikio la kulia, ikachomoka ghafla kama miiba. Ikatulia. Ikachomoka tena, pale pale.

Daktari wao aliitwa Phetsamone, kijana mwenye sauti ya chini. Alichungulia mistari ile kwa muda.

"Hii miiba ni alama ya kifafa," alisema. "Seli za ubongo hupeana zamu ya kusema. Hapa kwako, upande wa kulia, nyingine zinasema zote kwa pamoja bila zamu. Kelele zikibaki hapo, unapotewa na fahamu kidogo. Zikienea kichwa kizima, unaanguka."

"Kama miiba hii isingeonekana, ningekuwa sina kifafa?" Keomany aliuliza.

"Hapana. Watu wengi wana kifafa na kipimo kinatoka safi. Kelele zinaweza kunyamaza saa ile tunaposikiliza. Kwa hiyo nataka pia kujua kinachoonekana kwa macho. Ukianza kuumwa, nini hutangulia?"

Keomany alisita. Jambo hili hakuwahi kumwambia mtu. Alidhani ni mzimu unampikia.

"Nasikia harufu ya wali ulioungua. Kisha najikuta chini, ulimi unauma."

"Hapo katikati unafanya nini? Nani amewahi kukuona tangu mwanzo?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Mimi hukaa peke yangu, daktari. Wakisikia nimeanguka, hukaa mbali mpaka niamke."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ni hasara. Ningempata aliyeona, ningejua kama mwili wako unakubaliana na mashine."

Bi Onsy alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono mapajani.

"Kwanza huinua pua," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Huinua pua, kama anayesikia kitu kinaungua jikoni. Kisha macho yanasimama. Anatafuna, na mdomoni hana kitu. Mkono wa kulia unachezea sketi yake, unaivutavuta. Wa kushoto unakauka, umepinda hivi." Akaupinda mkono wake wa kushoto hewani. "Mara nyingi huishia hapo, akarudi kufuma bila kujua. Siku nyingine ndio anaanguka. Nahesabu pumzi zangu. Huwa hamsini. Siku moja ya mvua kubwa zilikuwa sabini."

Daktari alikuwa anaandika mbio. "Mkono wa kushoto ndio unaokauka? Una hakika, mama?"

"Nina hakika. Miaka kumi na minne."

"Unamwonaje, na yeye yuko chini?"

"Sakafu ina upenyo," Bi Onsy alisema.

Keomany alimtazama mama yake. Alikumbuka sauti ya Khamsing, *Mama, sogea huku*. Alikumbuka kila asubuhi na kila jioni aliyodhani hakuna anayemwona.

"Mbona hukushuka?" aliuliza, taratibu.

"Waliniambia nikikugusa nitaubeba ugonjwa mpaka kwenye sinia. Niliogopa, mwanangu. Nikaona basi angalau nitazame."

Daktari akasema, "Ubongo wa kulia ndio unaoongoza mkono wa kushoto. Ulichoona, mama, na ilichoandika mashine ni kitu kimoja. Sasa tupige picha."

Mashine ya picha ilikuwa sumaku kubwa yenye tundu. Hairuhusiwi kuingia na chuma. Keomany alivua mkanda wa fedha na kibanio cha nywele. Alipoanza kufungua nyuzi za mkononi, Souban alimzuia.

"Pamba haina neno. Zibaki. Ila uzi huu mmoja unalegea."

Kabla Souban hajainama, Bi Onsy alikuwa ameshaushika mkono wa binti yake. Alilikaza fundo lile, akalikaza tena, na alipomaliza hakuuachia mkono mara moja.

Ndani ya tundu kulikuwa na kelele kama za mashine ya kukoboa mpunga. Keomany alilala bila kujitikisa. Alikuwa peke yake tena, lakini mkono wake ulikuwa bado una joto.

Baadaye daktari aliwaonyesha picha. Upande wa kulia, ndani kabisa, palikuwa na mahali paliposinyaa, ukubwa wa haragwe.

"Hili ni kovu," alisema. "Alipokuwa mdogo, aliwahi kupata homa kali akashikwa na degedege la muda mrefu?"

"Alikuwa na miaka miwili," Bi Onsy alisema. "Mto ulikuwa umefurika. Hatukuweza kuvuka mpaka kulipopambazuka." Akaufunika mdomo. "Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe, mama. Ni mto na homa. Wewe ulimfikisha akiwa hai." Daktari akawageukia wote wawili. "Kovu hili ndilo linalowasha kelele zile. Si mzimu, si nguruwe. Na kovu haliambukizi. Mtu mwenye kovu la goti akila na wewe, goti lako linapata kovu?"

Bi Onsy akatikisa kichwa.

"Mate yake ni mate tu."

Alimbadilishia dawa, akamweleza asiiache hata akijiona mzima, na akiota vipele aje hospitali upesi. Dawa haifuti kovu, alisema, ila hulituliza. Ikishindikana, watatumia picha na mistari ile kutafuta njia nyingine, hata upasuaji. Kisha akamfundisha Bi Onsy. Akianguka, ondoa vitu vya kumuumiza. Weka kitu laini chini ya kichwa. Mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimkandamize. Kaa naye. Zikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajaamka, mpeleke hospitali.

"Hilo la kukaa naye," Bi Onsy aliuliza, "ni dawa?"

"Ni sehemu yake."

Waliporudi, Bi Onsy alisimulia kila kitu. Khamsing alisikiliza. Latsamy alisikiliza akiwa mlangoni, mkono tumboni. Kisha kila mmoja akaenda kwenye kazi yake. Nguzo sita zilibaki zimelala pale pale. Kijikapu cha ukanda mwekundu kiliendelea kushushwa, ila sasa Bi Onsy alikifuata kwa ngazi, akaketi kwenye mkeka.

"Mtu akiogopa miaka kumi na minne," alimwambia Keomany, "haachi kwa siku moja. Mimi mwenyewe bado moyo unadunda. Kula."

Wiki ya tatu, Bi Onsy na Khamsing walikuwa shambani. Latsamy alikuwa peke yake, anaanika samaki karibu na ngazi. Alimwona Keomany anainua pua.

Latsamy alisimama. Aliona macho yamesimama, mdomo unatafuna, mkono wa kushoto unapinda, kama mama mkwe alivyosimulia. Miguu yake ilitaka kukimbia. Keomany akaanza kuteleza kutoka kwenye benchi ya mtambo, kuelekea kwenye mkasi wa kukatia nyuzi.

Latsamy akausukuma mkasi kwa mguu. Akamdaka bega, akamlaza ubavu. Akavua kitambaa chake cha begani, akamwekea chini ya kichwa. Povu lilimgusa mkono. Akaliangalia. Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti.

Keomany alipofumbua macho, alikuta uso wa mtu.

"Arobaini na nne," Latsamy alisema. Alikuwa analia. "Wifi, uko nyumbani. Umeanguka kidogo tu. Mimi ni Latsamy. Usiinuke haraka."

"Umekaa?" Keomany aliuliza, sauti nzito.

"Nimekaa. Miguu imekufa ganzi, na huyu tumboni anapiga mateke kama punda. Ungepata nguvu upesi ningeshukuru."

Wiki zikapita. Keomany alimeza dawa kila siku, asubuhi na jioni, na Latsamy alimkumbusha kwa kugonga sakafu. Alianguka mara moja tena. Mwezi uliofuata hakuanguka. Uliofuata, hakuanguka. Harufu ya wali ulioungua ilimjia mara chache, ikapita.

Mpunga ukaiva. Wakavuna. Siku moja Keomany alisikia shoka. Khamsing alikuwa anakata zile nguzo sita vipande vifupi.

"Kibanda kitakuwa kifupi hivyo?" Keomany aliuliza, na moyo wake ulikuwa mzito.

"Kibanda gani? Hiki ni kizuizi cha jikoni, mtu asiangukie moto. Zinazobaki nitaweka pembeni mwa ngazi za mtoni, usitumbukie majini. Bi Vilay ameniagiza, na unajua umeme wangu ni hafifu, siwezi kubishana naye." Akapiga shoka mara mbili. Kisha akasema bila kuinua uso, "Nisamehe, dada."

Keomany akaokota vipande vilivyokatwa, akamsaidia kuvipanga.

Asubuhi ya wali mpya, alikaa kwenye mkeka wake akisubiri kamba ishuke. Haikushuka. Alisikia sinia likiwekwa. Kisha sauti ya Latsamy ikapita kwenye mianzi.

"Wifi, panda. Wali unapoa, na mimi nina njaa ya watu wawili."

Keomany alipanda ngazi. Kulikuwa na kikapu kimoja tu, kile kikubwa. Bi Onsy alijiondoa mahali pake, akapapigapiga kwa kiganja.

"Kaa hapa," alisema.

Keomany akaketi. Upepo wa chini ulimgusa magoti. Akainamisha kichwa, na katika upenyo wa mianzi akauona mtambo wake, mkeka mmoja mtupu, na kuku wamesimama wanangoja. Vyote vilionekana vizuri sana kutoka pale.

Akachukua tonge la kwanza, akampa mama yake.